Chuma cha Mjerumani Nacho Huchoka

Minada ya korosho ikishapita na malipo yakaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, karakana yangu hapa Masasi hupata wageni wa aina moja. Mtu anatoka Nanyumbu, Tandahimba au Nachingwea, wakati mwingine Liwale kabisa. Kuna bunduki ya kuwindia ya zamani ameonyeshwa, ametajiwa bei, amesimuliwa historia yake, na anachotaka kwangu ni neno moja: nunua. Leseni anaishughulikia au tayari anayo, hela ipo. Kinachokosekana ni ukaguzi, kwa sababu kuna mambo ameyaamini tangu utotoni na haoni haja ya kuyahoji. Nimeyasikia mno, nayaandika hapa ili atakayekuja msimu ujao awe ameyasoma.

"Bunduki ya Mjerumani haichoki"

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana inatoka kinywani mwa watu wazima wenye akili zao, na inaweza kumtoa mtu jicho.

Muuzaji huanza na meli. Machi 1916 meli ya Kijerumani iitwayo Marie ilizipita manowari za Waingereza, ikaingia ghuba ya Sudi na kushusha silaha na risasi kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani hapa kwetu katika Vita Kuu ya Kwanza. Hiyo ni historia ya kweli. Oktoba 1917 watu wakauana vibaya Mahiwa, karibu na Nyangao, na mwezi uliofuata jeshi hilo likavuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno. Kwa hiyo kila Mauser, bunduki ya Kijerumani, inayouzwa kati ya Lindi na Newala ama "ilishuka Sudi" ama "iliokotwa Mahiwa". Mimi sibishani na historia ya mtu. Ninachouliza ni hiki: miaka yote hiyo bunduki imelala wapi, imepigwa risasi gani, na nani ameigusa kwa tupa?

Kwanza, Mauser si moja. Vita vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani hapa kwetu zilikuwa bado na Mauser ya 1871, ya milimita 11, inayotumia baruti nyeusi. Moshi wake ulikuwa mwingi hata adui akijua askari amelala wapi. Bunduki hiyo haikujengwa kwa mgandamizo wa baruti ya kisasa isiyo na moshi. Ukiiona, iheshimu kama kitu cha makumbusho. Kuiingiza porini leo ni kujitafutia msiba.

Pili, ile Mauser ya 1898, ambayo kweli ni kazi ya mikono ya watu waliojua. Boliti, yaani komeo linaloifunga risasi ndani, ina masikio mawili ya kufungia mbele na la tatu la akiba nyuma, na ukucha wake mpana hulishika ganda tangu linapotoka magazini mpaka linaporuka nje. Ndiyo maana bunduki nyingi za kuwindia zimejengwa juu ya mwili huo huo, na ndiyo maana Otto Bock wa Berlin alipobuni risasi ya 9.3x62 (kipenyo na urefu wa ganda kwa milimita) mwaka 1905 kwa ajili ya wawindaji wa Afrika, aliipima iingie humo. Naipenda bunduki hii, na kwa kuwa naipenda sitaki mtu aiabudu bila kuifungua.

Sikiliza chuma chenyewe kilivyo. Mwili na boliti za Mauser hizo ni chuma chenye kaboni kidogo, kilaini kwa ndani, kilichokomazwa juu juu tu. Ugumu uko kwenye ngozi. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia masikio ya boliti yasijichimbie mahali yanapokaa kila unapofyatua. Sasa inakuja mikononi mwa fundi wa mtaani. Mkono wa boliti umekatika au mtu anataka darubini ikae, basi unapindwa na kulehemewa kwa gesi mpaka boliti nzima inakuwa nyekundu. Au mtu ameona kutu, amechukua msasa na kusugua hadi ndani, kwenye vikalio vya masikio. Kwa macho bunduki imependeza, lakini ule ugumu umeondoka. Baada ya hapo kila risasi inayapigilia masikio nyuma kidogo, nafasi kati ya uso wa boliti na kitako cha ganda inaongezeka, ganda linanyooka kuijaza nafasi hiyo, na siku moja linakatika. Gesi ya moto inarudi nyuma, na nyuma ndiko uso wako uliko.

Hakuna mtu anayeweza kuiona nafasi hiyo kwa macho. Inapimwa kwa geji mbili za chuma: boliti lazima ifunge juu ya ile ndogo na igome juu ya ile kubwa. Ikifunga juu ya kubwa, mazungumzo ya bei yamekwisha. Kama kuna maganda yaliyopigwa na bunduki hiyo, yaombe. Ganda lenye mstari unaong'aa ukilizunguka karibu na kitako, au fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, iliyochomoza nje, limeshakueleza kila kitu.

Tatu, mtutu. Hapa pwani ndipo ninapoona hasara kubwa zaidi, hasa kwa silaha zilizokaa Lindi, Kilwa na Mikindani. Fataki za risasi za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, na zikilipuka huacha ndani ya mtutu kloridi ya potasiamu, chumvi iliyo ndugu wa hii ya jikoni. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa. Mzee akirudi porini usiku, akapitisha kitambaa chenye mafuta na kuiegesha bunduki ukutani, alikuwa ameifungia chumvi chini ya mafuta, kwa sababu mafuta hayayeyushi chumvi. Inayeyushwa na maji. Askari wa Kiingereza wenye bunduki za .303 (kipenyo kwa inchi) walifundishwa kumimina maji yanayochemka ndani ya mtutu kwanza, kisha kukausha, kisha mafuta. Nawaambia wateja wangu hivyo hivyo na wananitazama kana kwamba nimewaambia waioge bunduki sabuni. Maji ya moto, ndugu zangu. Maji ya moto kwanza, siku ile ile.

Ongeza na kordaiti, baruti ya Waingereza. Ile ya mwanzo ilikuwa na naitroglisirini asilimia 58, ikiunguza mtutu pale risasi inapoanza safari, mpaka mwaka 1901 wakaishusha hadi asilimia 30. Kwa hiyo bunduki ya Kiingereza inaweza kung'aa mdomoni na kuwa imelika karibu na chemba, pale ganda linapokaa, mahali ambapo mnunuzi hatazami. Chomoa boliti, elekeza mtutu kwenye mwanga, tazama kutokea nyuma, tena baada ya kuusafisha mpaka kitambaa kitoke cheupe. Vidoto vichache vya kutu mifereji ikiwa bado na kingo kali si neno, bunduki kama hiyo hupiga vizuri miaka mingi. Mifereji iliyofutika karibu na chemba ni mtutu uliokwisha.

Na kabla ya kutazama chochote, hakikisha haina kitu ndani, chembani na magazini. Silaha iliyoegeshwa miaka mingi mara nyingi nyigu wameijengea udongo mtutuni. Udongo kidogo tu mbele ya risasi unatosha kuufumua mtutu.

Nne, mihuri. Mnunuzi akiona taji, herufi na namba zimegongwa kwenye chuma, anadhani amepewa dhamana. Mihuri ile ina maana, na mimi huisoma kabla ya kitu kingine: NP chini ya taji kwa Waingereza, au N chini ya taji kwa Wajerumani, ni ushahidi kwamba mtutu ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Ila ulijaribiwa ukiwa mpya. Muhuri wa mwaka 1912 haujui lolote kuhusu msasa, gesi na chumvi vilivyofuata.

"Risasi ikiingia, ndiyo yake"

Hapana. Na kwa bunduki za Kijerumani ni hatari maalumu ambayo kila mmiliki wa kusini angepaswa kuijua.

Risasi ya Kijerumani ya mwaka 1888 ilikuwa na kichwa cha kipenyo cha takribani milimita 8.08. Baadaye jeshi likaleta kichwa kipya chenye ncha kali, cha takribani 8.20, na mitutu ikabadilishwa ili ikipokee. Lakini watengenezaji wa bunduki za kuwindia waliendelea kwa miaka mingi kutengeneza mitutu ya kipimo cha zamani. Kwa hiyo kuna 8x57 I, ambayo wengine huiandika J, na kuna 8x57 IS. Maganda yanafanana, na risasi ya IS inaweza kuingia kwenye chemba ya I na boliti ikafunga. Ukifyatua, kichwa kipana kinalazimishwa kupita mahali pembamba, tena kwa baruti yenye nguvu zaidi. Herufi moja hiyo usiipuuze. Kama haipo kwenye mtutu, au imefutika, mtutu upimwe: kipande cha madini laini ya risasi (si risasi ya kufyatua) kinasukumwa taratibu ndani yake, kinatolewa, kinapimwa kwa maikromita. Ni kazi ya muda mfupi.

Chemba nayo hupimwa kwa kumiminiwa kitu kinachoganda na kutoka na umbo lake. Mafundi wa zamani walitumia salfa iliyoyeyushwa, salfa ile ile ya kuzuia ubwiriunga kwenye mikorosho, na bado ni njia inayofaa. Usijaribu mwenyewe jikoni. Inawaka, na ikiachwa ndani inakula chuma.

"Kubwa ndiyo bunduki"

Kwa nyati na tembo sheria yetu haitaki chini ya .375, na ni haki. Watu hunitajia yule Mskoti, W. D. M. Bell, aliyepiga tembo wengi kwa kaliba ya milimita 7. Bell alijua ubongo wa tembo ulipo kutoka kila upande, na wewe hujui. Lakini mkulima ambaye shida yake ni ngubi, yaani nguruwe pori, na nyani shambani hana haja ya mzinga. Naielewa hofu yake, kwa sababu Lindi tumezika wengi kwa sababu ya simba, na ngubi ndio huwavuta simba mpaka kwenye vibanda vya kulindia mazao. Hata hivyo shotgani nzima, yenye risasi zinazopatikana, itamsaidia kuliko .425 ya zamani yenye risasi tano alizoachiwa na muuzaji kwenye soksi.

Hapo ndipo ushauri wangu ninaourudia hadi wateja wananikwepa: tafuta risasi kwanza, bunduki baadaye. Nenda kwa muuzaji mwenye kibali, muulize anayo nini rafuni leo na anaagiza nini. .375 H&H imekuwepo tangu 1912 na bado inatengenezwa kila mahali. .30-06 vivyo hivyo. .318 Westley Richards ni risasi nzuri, ila kuipata huku kwetu ni kazi ya kutoa jasho, na bunduki usiyoweza kuilisha hutaizoea. Usipoizoea hutampiga mnyama vizuri, utamjeruhi tu.

"Inang'aa, basi nzima"

Rangi ya buluu-nyeusi inapakwa upya kwa siku moja. Tazama kingo za maandishi na namba: zikiwa zimelainika, chuma kimesuguliwa kabla ya kupakwa. Namba za boliti na za mwili zilingane. Kisha fungua skrubu utazame mbao, hasa nyuma ya mwili na pale chuma kinaposukuma mbao bunduki ikifyatuliwa, kwa sababu nyufa huanzia huko zikifichwa na vanishi. Kitako kilichopasuka si sababu ya kukimbia. Mninga mkavu unatoa kitako kizuri sana. Mpingo usiutumie, najua ni fahari ya Kilwa na watu hunibembeleza, lakini ni mzito hata majini unazama, na kwenye mateke ya bunduki hupasuka.

"Ya urithi haina haja ya makaratasi"

Ina haja, tena kuliko nyingine. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni ni ya mtu, haiendi kwa watoto pamoja na mashamba. Mwenye silaha akifariki, familia itoe taarifa polisi na kuikabidhi, kisha anayetaka kuimiliki aombe kwa jina lake. Hata gobore ni silaha. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha kwa hiari bila mtu kushtakiwa. Mwenye kitu darini avitumie. Na leseni ya kumiliki si kibali cha kuwinda, hicho kinatoka kwa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, kwa mnyama, eneo na msimu uliotajwa. Watu wa Liwale mnisikie: sehemu ya Selous iliyofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019 haiwindwi tena kabisa, hata kama babu yako aliwinda hapo kwa karatasi.

Kwa hiyo mkikubaliana bei, hela isitoke mfukoni kabla ninyi wawili hamjafika polisi, namba za kwenye chuma zikalinganishwa na za kwenye leseni ya muuzaji, na utaratibu wa kuhamisha umiliki ukaanza kwa maandishi. Omba hapo hapo idhini ya silaha kuletwa kwa fundi mwenye leseni kukaguliwa kabla ya malipo. Muuzaji mwenye bunduki nzima hukubali. Anayekuambia kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho asubuhi kutoka Tunduru, mwache huyo wa Tunduru ainunue.