Pesa taslimu kwa kaya za vijijini: kiasi, wakati na uhakika

Kazi yangu ni kupanga na kutathmini mipango ya ruzuku za fedha kwa kaya maskini, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kwa nini mumpe mtu pesa, badala ya kumpa mbuzi, mbegu au mafunzo? Anayeuliza huwa na nia njema, na ameshaona miradi mingi ikija na kuondoka. Mimi humjibu kwamba kaya hazikosi kitu kimoja. Huyu amekwama kwa sababu ya deni, yule kwa sababu ya jembe, mwingine kwa sababu ya nauli ya kufika sokoni, na pesa ndiyo pekee inayoweza kugeuka kuwa chochote kati ya hivyo. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimesema nusu tu. Pesa hiyohiyo, kiasi kilekile, inaweza kuiwekea kaya msingi wa riziki au ikapita bila kuacha alama. Inategemea imetolewa kwa mkupuo au kidogokidogo, imefika mwezi gani, na kama mpokeaji alijua mapema kwamba inakuja.

Chukua kaya inayotegemea shamba dogo la mvua. Mavuno yanapoingia, kila mtu kijijini anauza na bei iko chini. Kaya hii ndiyo huuza mapema kuliko wengine, kwa sababu kuna deni, kuna mahitaji ya shule, kuna mgonjwa. Miezi michache baadaye ghala ni tupu, na nafaka ya aina ileile waliyoiuza wanainunua kwa bei ya juu. Mvua za kwanza zinapoanza, wakati shamba linataka mikono yote, baba na mama wanakwenda kulima shamba la mtu mwingine kwa ujira wa siku, maana watoto wanataka kula leo. Shamba lao linapandwa kwa kuchelewa, linapaliliwa nusu, na mavuno yanayofuata yanapungua zaidi. Hapo hakuna uvivu wala ujinga. Kila uamuzi ulikuwa sahihi kwa siku yake, ila ukiyajumlisha yote unapata watu wanaofanya kazi mwaka mzima na kubaki palepale.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ruzuku, kabla hata hatujazungumzia biashara, ni kumwondolea mtu ulazima. Asilazimike kuuza wiki ya mavuno, wala kuliacha shamba lake wiki ya kupanda. Nchini Malawi, mpango wa ruzuku ulioanza kwa majaribio wilayani Mchinji mwaka 2006 ulilenga kaya fukara kabisa, nyingi zikiwa na wazee na watoto yatima, na fedha zenyewe zilikuwa kidogo. Hata hivyo watafiti walikuta watu wamepunguza vibarua vya mashambani, vile wanavyoviita ganyu, wamehamishia nguvu kwenye mashamba yao, na wameongeza zana za kilimo na mifugo. Hakuna aliyewapa mafunzo ya ujasiriamali. Kulima walikuwa wanajua tangu zamani, na sasa walipata nafasi ya kulima kwa wakati.

Meksiko ilionyesha jambo hilo kwa hesabu. Mpango wa Progresa, ulioanza mwaka 1997, uliwalipa akina mama wa vijijini kwa sharti la kuwapeleka watoto shule na kliniki. Kilimo hakikuwa lengo lake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba katika kila peso waliyopokea, senti 74 zilikwenda kwenye matumizi na 26 ziliwekezwa, sehemu yake kwenye mifugo na shughuli ndogondogo za uzalishaji. Napenda kuwarudisha watu kwenye takwimu hiyo wanaposema kwamba maskini anayekula pesa ya ruzuku ameipoteza. Kula ndiko kulikompa nguvu ya kulima, na bado aliweka robo pembeni.

Kuna vitu, hata hivyo, ambavyo haviwezi kununuliwa vipande vipande. Huwezi kununua robo ya ng'ombe, wala nusu ya cherehani. Hapa ndipo mkupuo unapoingia. Shirika la GiveDirectly lilipoanza kutoa fedha magharibi mwa Kenya, katika eneo la Rarieda, kigezo cha kuzipata kaya maskini kilikuwa paa la nyasi. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walizifuatilia kaya hizo kuanzia mwaka 2011, baadhi zikilipwa kwa mkupuo na baadhi kila mwezi. Waliolipwa kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula, na waliolipwa kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu. Wengi, kati ya vitu hivyo, walinunua mabati.

Mabati yale yalilalamikiwa sana na watu wa miradi. Walitaka kuona biashara, wakaona mapaa. Mimi naomba tulitazame lile paa kwa karibu. Paa la nyasi huvuja, huhitaji kuzibwa na kuezekwa upya mara kwa mara, na kila mara linameza pesa na siku za kazi. Nafaka iliyohifadhiwa chini yake inaloa na kuoza, vitabu vya watoto vinaharibika, na usiku wa mvua watu hawalali. Bati likishapigwa, gharama hiyo ya kila mwaka inakoma, na maji ya mvua yanaweza kukingwa kutoka kwenye paa lenyewe. Kwa kaya yenye kipato kidogo, matumizi ambayo hayatarudi tena ni faida sawa na mapato mapya. Mwenye nyumba alikuwa ameshapiga hesabu hiyo kabla ya mtafiti kufika na dodoso lake.

Ushahidi mzito zaidi kuhusu namna ya kulipa umetoka Kenya hiyohiyo, kwenye jaribio kubwa la kipato cha msingi, yaani fedha anazolipwa kila mtu mzima bila masharti, katika kaunti za Siaya na Bomet lililoanza mwaka 2018. Vijiji viligawanywa makundi. Kundi la kwanza, kila mtu mzima aliahidiwa takriban senti 75 za dola kwa siku, akilipwa kila mwezi kwa miaka 12. La pili walipata kiasi hichohicho kwa miaka 2 tu. La tatu walipewa takriban dola 500 karibu zote kwa pamoja, thamani inayokaribiana na ya miaka 2. Matokeo ya awali yalitolewa mwaka 2023. Katika kuanzisha biashara na kuongeza mapato, waliopewa mkupuo na walioahidiwa miaka 12 waliwapita wale wa miaka 2. Na katika makundi yote matatu, watu hawakuacha kazi. Walichofanya wengi ni kutoka kwenye ajira za ujira na kuingia kwenye shughuli zao wenyewe.

Wengi husoma matokeo hayo na kubaki na neno mkupuo. Mimi yananivutia zaidi kwa upande wa wale wa miaka 12. Kwa mwezi walikuwa wanapokea kiasi kilekile cha wale wa miaka 2. Walichozidi ni ahadi. Mtu anayejua kwamba mwezi ujao upo, na mwaka ujao upo, anaweza kuingia kwenye upatu bila kuogopa kukwama katikati, na ndivyo walivyofanya: walitumia vikundi vya upatu kuyakusanya malipo madogo ya kila mwezi hadi yakawa mkupuo waliojitengenezea wenyewe. Yule wa miaka 2 aliona mwisho unakaribia, akawa mwangalifu, na akakaa na senti zake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wafadhili na wizara nyingi. Wanajadili kiasi kwa miezi, wanajadili vigezo vya kuwapata walengwa kwa mwaka, halafu tarehe ya malipo inaachwa ijitokee yenyewe. Ruzuku ya kila miezi miwili inachelewa miezi minne, kisha zinakuja awamu tatu kwa pamoja bila taarifa, baada ya msimu wa kupanda kupita. Kwenye vitabu vya hesabu kila shilingi imelipwa. Kwa mkulima, fedha iliyofika baada ya mvua haikumsaidia kununua mbegu, na deni alilochukua akiisubiri limeshazaa riba. Pesa isiyojulikana itafika lini haiwezi kupangiwa chochote, kwa hiyo inatumika kwa dharura iliyopo mlangoni siku hiyo, na baadaye tunamlaumu mpokeaji kwamba hawekezi. Kulipa kwa wakati hakuongezi mzigo mkubwa kwenye bajeti. Kunataka nidhamu ya ofisi.

Njia ya kulipia nayo ina uzito wake. Nchini Niger, baada ya ukame wa mwaka 2009, watafiti walilinganisha akina mama waliopokea ruzuku mkononi na waliopokea kwa simu. Wa simu walitumia muda mfupi zaidi kufuata malipo, na kaya zao zilinunua vyakula vya aina nyingi zaidi. Sehemu ya sababu ilikuwa faragha: pesa iliyo kwenye simu haionekani na kila mtu uwanjani siku ya malipo, na mama anapata sauti kubwa zaidi katika kuipangia matumizi. Lakini simu haina msaada pale ambapo wakala yuko mbali au hana salio la kutosha, au pale laini imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine wa familia. Hayo huangaliwa kabla ya malipo ya kwanza.

Kuhusu hofu kwamba pesa ya ruzuku huishia kwenye pombe nitasema kwa ufupi, kwa sababu suala hili limechunguzwa vya kutosha. David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti 19 kutoka Amerika ya Kilatini, Afrika na Asia, na kwa jumla hawakukuta ongezeko la matumizi ya pombe na sigara kwa wapokeaji wa ruzuku. Mahali pengine yalipungua.

Hofu kwamba fedha nyingi zikiingia kijijini bei zitapanda inastahili jibu refu kidogo. Kati ya mwaka 2014 na 2017, katika kaunti ya Siaya, kaya zaidi ya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, katika eneo la utafiti lenye vijiji 653. Bei zilipanda kwa wastani wa karibu asilimia 0.1 tu. Kila dola iliyoingia ilizalisha takriban dola 2.5 katika uchumi wa eneo lile, maana mpokeaji alinunua kwa jirani, jirani akanunua kwa mwingine, na hata kaya zisizolipwa ziliona matumizi yao yakiongezeka. Hayo ni matokeo mazuri sana, lakini nisingeyabeba na kuyapandikiza kila mahali. Ufilipino, katika vijiji vilivyo mbali na masoko ambako kaya nyingi zililipwa kwa pamoja, bei za mayai na samaki zilipanda, na watoto wa kaya zisizolipwa wakadumaa zaidi. Tofauti iko kwenye bidhaa. Penye barabara, wafanyabiashara na maduka yenye nafasi ya kuuza zaidi, fedha mpya hukutana na mzigo mpya. Pasipo na hivyo, na kwa vyakula vinavyooza haraka, hukutana na uhaba. Kabla ya kuidhinisha mpango wa kijiji cha mbali, mimi hutaka kujua gari la mizigo hufika mara ngapi kwa wiki.

Bado kuna suala la faida kudumu. Mwaka 2008 serikali ya Uganda iliwapa vijana wa kaskazini mwa nchi hiyo, waliojiunga kwenye vikundi na kuandika mipango yao ya kazi, takriban dola 382 kila mmoja, nyingi zikatumika kujifunza ufundi na kununua vifaa. Baada ya miaka 4 mapato yao yalikuwa yamewazidi wenzao wasiopata fedha kwa asilimia 38. Baada ya miaka 9 pengo la mapato lilikuwa limezibika. Wapo wanaosoma hapo kwamba pesa haikufua dafu. Mimi nasoma kwamba wenzao walihitaji miaka mingi ya ziada kufika palepale, na miaka hiyo ina watoto waliokula na waliosoma ndani yake. Isitoshe, waliopata fedha walibaki na mali nyingi zaidi na wengi wao walikuwa bado wana ufundi wao.

Hata hivyo naikubali tahadhari iliyomo: mpango ukikatika ghafla, kaya iliyoanza kuinuka inaweza kuuza ilichonunua. Kwa hiyo kila mpango ninaoombwa ushauri unapokaribia kufungwa, naomba mambo mawili yaandikwe kwenye mkataba wa mfadhili. Tarehe ya malipo ya mwisho itangazwe kwa wapokeaji mwaka mzima kabla, na awamu za mwisho ziunganishwe ziwe mkupuo mmoja utakaofika wiki kadhaa kabla ya mvua za kupandia.