Lita 126 za dizeli na baridi ya Mbeya

Jumapili moja ya mwezi wa saba nilipigiwa simu saa moja asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya Uyole. Aliyepiga alikuwa meneja wa yadi ya malori, mteja wangu wa siku nyingi. Hakusalimia. "Fundi, njoo na kompyuta yako. Mlinzi kaiba dizeli yangu kauza."

Nilipofika nilimkuta mlinzi, mzee wa watu, kwenye benchi la mbao nje ya ofisi, koti zito limefungwa mpaka shingoni, kofia ya sufu kaishika mkononi. Nikamwamkia. Akaitikia "marahaba" bila kuinua macho, kama mtu aliyeitwa mwizi mbele ya vijana anaoweza kuwazaa.

Maelezo yalikuwa haya. Tangi lao la dizeli ni la chuma, limelazwa juu ya nguzo fupi za zege, lina ujazo wa lita 30,000. Ijumaa jioni lilipokea mzigo kutoka Dar es Salaam, na skrini ya kipimo nilichowafungia mwenyewe ikaonyesha lita 24,010. Jumamosi malori yote yalikuwa safarini. Pampu ilipigwa kufuli na funguo zilikaa kwa meneja. Jumapili alfajiri skrini ikasoma lita 23,884. Shoti ya lita 126, ambayo kwa bei ya dizeli inazidi mshahara wa mlinzi wa mwezi mzima.

Nikabonyeza kitufe kwenye skrini ileile mpaka ukafunguka ukurasa ambao hakuna aliyewahi kuufungua pale yadi: ukurasa wa joto. Ijumaa jioni, nyuzi 26. Jumapili alfajiri, nyuzi 20.

Dizeli husinyaa ikipoa. Kila nyuzi moja inaposhuka, lita 1,000 za dizeli hupungua takriban lita 0.83. Petroli huzidi kidogo, inakaribia lita 0.95. Piga hesabu: lita 24,010, nyuzi 6, mara 0.83 kwa kila elfu. Unapata lita 119 na kitu. Zinabaki lita kama 6, na katika tangi lile, kwa kimo kile, milimita moja tu ya mafuta ni lita 13. Lita 6 ni chini ya nusu milimita, na kwa tofauti hiyo huwezi kumshtaki mtu. Uzito wa dizeli haukuwa umepungua hata kilo moja. Baridi ya siku mbili ndiyo iliyoibana.

Naandika haya kwa sababu kisa kile si cha yadi moja. Nimefunga vipimo vya matangi kuanzia Mafinga hadi Tunduma, kwenye sheli, kwenye mashamba ya chai, kwenye vituo vya kukusanyia maziwa, na kila mahali nakuta watu wanaamini kwamba kifaa kinapima lita. Hakuna kifaa cha tangi kinachopima lita. Kimoja kinapima kimo, kingine mgandamizo, kingine muda wa mwangwi kwenda na kurudi. Lita ni hesabu inayofanywa baadaye, na hesabu hiyo inasimama juu ya mambo matatu: umbo la tangi, namna lilivyokaa, na joto la kilichomo. Ukikosea moja, skrini itakudanganya hata kama imegharimu mamilioni.

Chukua umbo. Tangi la duara lililolazwa, lenye kipenyo cha mita 2.5 na urefu wa mita 6.1, likiwa nusu, sentimita moja ya kimo ni lita 152. Kimo kikishuka hadi sentimita 10 kutoka chini, sentimita hiyohiyo ni lita 60 tu, kwa sababu tumbo la tangi ni pana na kitako chake ni chembamba. Ndiyo maana kila tangi lina chati yake, milimita upande mmoja na lita upande wa pili. Nimeshakuta sheli inayotumia chati ya tangi la jirani, eti matangi yanafanana. Hayafanani mpaka yapimwe. Njia ya uhakika ni kulijaza kidogo kidogo kwa kiasi kinachojulikana, kupitia mita iliyohakikiwa, na kuandika kimo kila hatua. Ni kazi ya kutwa nzima, inachosha, na haina njia ya mkato.

Kukaa kwa tangi kunasahaulika zaidi, na huku kwetu kwenye miteremko ndiko kunakoumiza. Tangi nililolitaja likiinama sentimita moja kwa kila mita, ncha moja inakuwa chini ya nyingine kwa sentimita 6. Ukitumbukiza fimbo kwenye ncha iliyoinama, unasoma sentimita 3 zaidi ya ukweli wa katikati, na tangi likiwa nusu hizo ni lita zaidi ya 450 ambazo hazipo. Mimi siendi kwenye tangi bila pimamaji kwenye mkoba. Nalipima siku ya kulifunga, na nalipima tena mvua za masika zikiisha, kwa sababu ardhi inakuwa imekwishatulia upya. Matangi ya kupozea maziwa ni vilevile: wakilisogeza siku ya usafi na miguu ikakaa vibaya, fimbo ya maziwa inampunja mfugaji aliyetembea na ndoo tangu alfajiri.

Sasa vifaa vyenyewe. Kilichonifunza kwa machungu ni sensa ya mgandamizo, ile inayozamishwa hadi chini ya tangi kama jiwe la timazi. Kanuni yake ni nyepesi: mita moja ya maji inakandamiza kwa takriban kilopaskali 9.8, kwa hiyo ukijua mgandamizo unajua kimo. Lakini juu ya maji kuna hewa, nayo ina uzito wake. Dar es Salaam hewa inakandamiza kwa kilopaskali kama 101. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ni kama 83. Miaka ya mwanzo nilinunua sensa Dar, nikaiwekea sifuri hukohuko mezani, nikaja kuifunga kwenye tangi la maji la shule moja huku juu. Tangi lilikuwa na maji mita moja na nusu, mlinzi wa shule anayachota mbele yangu, na sensa inasema limekauka kupita kukauka: chini ya sifuri. Tofauti ya kilopaskali 18 ni sawa na maji ya kimo cha mita 1.8. Sensa haikuwa mbovu. Ilikuwa ya aina isiyopumua, inahesabu hewa na maji kwa pamoja, na mimi nilikuwa nimeipandisha mlima bila kuiambia.

Tangu siku ile nafunga zile zenye mrija mwembamba ndani ya waya, unaoleta hewa ya nje mpaka nyuma ya sensa ili hewa ijifute yenyewe kwenye hesabu. Mrija huo nao una adui, na adui huyo anaishi Tukuyu. Mahali panapopata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, unyevu unaingia kwenye mrija, unageuka matone, na kipimo kinaanza kuyumba. Mwisho wa waya lazima uwekwe ndani ya kiboksi kilichofungwa vizuri, pamoja na kifuko cha chembe za kunyonya unyevu, na kifuko hicho kibadilishwe. Ukisikia fundi anasema sensa za mgandamizo hazifai Rungwe, muulize mara ya mwisho alibadilisha kifuko lini.

Kifaa cha mwangwi kinakaa juu ya tangi, kinapiga sauti isiyosikika, kinahesabu muda wa kurudi. Ni cha bei nafuu na hakigusi maji. Ila kasi ya sauti hutegemea joto la hewa: kwenye nyuzi 8 ni karibu mita 336 kwa sekunde, kwenye nyuzi 24 ni karibu 346. Katika siku moja ya mwezi wa saba huku kwetu tunaweza kupita kote huko, kutoka alfajiri hadi adhuhuri. Kifaa kisichojirekebisha kwa joto kitakuonyesha kimo kinapanda na kushuka sentimita 3 kwa kila mita ya hewa iliyo juu ya maji, wakati maji yametulia tuli. Juu ya petroli sikifungi kabisa, mvuke wake unaivuruga sauti. Juu ya maziwa, povu linaimeza.

Rada, kifaa cha mawimbi ya redio, inayakwepa mengi ya hayo kwa sababu haitumii sauti. Kwa matangi makubwa nisingetaka kingine, bei ikiruhusu.

Pale yadi nilifunga fimbo ya maboya. Ndani ya fimbo kuna waya maalumu. Boya lenye sumaku linapanda na kushuka na mafuta, umeme wa ghafla unapitishwa kwenye waya, na palipo na sumaku waya unajisokota kidogo. Msokoto huo unasafiri kurudi juu kwa kasi ya karibu kilomita 3 kwa sekunde, na kwa kuhesabu muda wake kifaa kinajua boya liko wapi hadi sehemu ya milimita. Chini kuna boya la pili, zito zaidi, linaloelea juu ya maji lakini linazama kwenye dizeli. Hilo linakuonyesha maji yaliyojikusanya kitakoni, kazi ambayo zamani tuliifanya kwa kupaka fimbo ile dawa inayobadilika rangi. Na kwenye fimbo hiyohiyo kuna vipimajoto.

Kifaa kilikuwa na jibu tangu mwanzo. Nilichokosea mimi, na nimemwomba mzee yule radhi kwa hilo, ni kuacha skrini inayoonyesha lita peke yake. Mwenye mali akiona namba moja inashuka, atamtafuta mtu.

Kwa hiyo siku hizi nafunga vifaa vinavyotuma kimo na joto kila baada ya dakika 10 kwa laini ya simu, na namfundisha mteja kuutazama mchoro, asiishie kwenye namba. Wizi una sura yake: mstari unaanguka kama mtu aliyeteleza, lita 200 ndani ya dakika 20, joto halijatikisika. Kuvuja kuna sura nyingine: mstari unashuka polepole, usiku na mchana, kwa mwendo uleule. Lita 2 kwa saa huzioni kwa jicho, lakini ni lita 48 kwa siku zinazoingia ardhini karibu na kisima cha mtu. Baridi inashuka pamoja na joto, na jua likipanda baadhi ya lita zilizopungua zinarudi. Mchoro wa pale yadi ulikuwa unafuatana na joto hatua kwa hatua, kama ng'ombe na mchungaji wake.

Madereva wa matenka wanalijua hili kwa mwili wao. Wanapakia Dar kwenye joto, wanapanda Kitonga, wanalala Makambako kwenye kibaridi, na asubuhi wakifungua mfuniko mafuta yako chini ya alama. Lakiri haijaguswa, tenka limehakikiwa na Wakala wa Vipimo, na bado dereva anakatwa. Mzigo wa lita 35,000 za dizeli ukipoa nyuzi 12 unapungua karibu lita 350. Hati ya kupakilia inayoandika joto, na kipimajoto cha kutumbukiza wakati wa kupokea, vingemaliza ugomvi huo hapohapo kwenye mfuniko.

Meneja alimrudishia mzee kazi yake siku ileile, mbele ya vijana walewale. Nilibadilisha skrini ikawa inaonyesha kimo, lita na joto kwa pamoja, na mzee akaongeza safu ya joto kwenye daftari lake la zamu, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu uliolala kulia.

Wiki tatu baadaye alinipigia mwenyewe, saa kumi na moja alfajiri. "Fundi, nyuzi zimeshuka mbili tangu jana, lakini kimo kimekaa palepale. Hiyo si kawaida yake." Nikaenda. Nikaichomoa fimbo taratibu, na uchafu mweusi ulikuwa umegandia juu kidogo ya katikati, umelinasa boya. Nikaifuta kwa kitambaa, nikairudisha. Kimo kikashuka milimita 2. Mzee akachukua kalamu, akaandika.