"Kwangu Yafunguka" Si Ushahidi

Juzi kaja kijana wa kupitisha mizigo bandarini, flashi mkononi. Ana mzozo wa demareji, ile ada ya kuchelewesha kontena: upande wa pili wamdai siku za kontena ambazo yeye asema si zake, na tarehe ya meli kutia nanga ndiyo inayoamua. Tarehe hiyo ilikuwa kwenye ratiba ya mtandaoni. Alijua ratiba hubadilishwa, basi akausevu ukurasa siku ileile. Wengi hawafikirii hata hilo, na nilimpongeza.

Kabla ya kufungua faili ya mtu, mimi huzima Wi-Fi kwanza. Nikabofya. Rangi zipo, nembo ipo, menyu zimekaa sawa. Pale pa jedwali, peupe, na kiduara kinazunguka tu.

"Mbona kwangu yafunguka, ami?"

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno hapa Moi Avenue, na ndiyo imenikalisha kuandika leo. Nikamwambia, mwanangu, washa data ya simu yako, ifungue kwenye laptopu yako nione. Kweli, ikafunguka, jedwali likajaa. Nikamwomba asome tarehe za meli. Zilikuwa za wiki hii. Ile meli yake haikuwemo kabisa. Akanyamaza.

Kilichotokea ni hiki. Ukibonyeza Ctrl+S kwenye kivinjari cha Chrome cha kompyuta unapewa njia tatu: HTML pekee (maandishi ya msimbo wa ukurasa), ukurasa kamili, au faili moja. HTML pekee ni kama manifesti ya meli. Imeandikwa kuna nini na kiko wapi, lakini mzigo wenyewe haumo. Hiyo tuiache. Ukurasa kamili unakupa HTML pamoja na folda yenye jina linaloishia na _files, na watu hutuma HTML kwa WhatsApp wakaisahau folda. Hilo nalo nimelisema hadi nimechoka.

Kijana huyu folda aliileta. Kosa lilikuwa kuamini neno "kamili". Fungua folda hiyo uangalie: katikati ya picha kuna faili zenye .js katika majina yao, yaani skripti, programu ndogo zinazouendesha ukurasa. Chrome huandika ukurasa jinsi ulivyokuwa mbele ya macho yako, jedwali na mistari yake yote, kisha inazibeba na skripti zilezile. Ukifungua nakala kesho, skripti zinaamka. Hazijui kwamba hii ni nakala. Zinafanya kazi zilizoandikiwa: zinafuta mahali pa jedwali, zinaiomba seva mistari mipya. Seva isipojibu, unabaki na kiduara. Ikijibu, unaletewa takwimu za leo, nawe uko tayari kuapa kwamba ni za mwezi uliopita. Mimi naliogopa hilo la pili kuliko ukurasa mtupu, kwa sababu ukurasa mtupu angalau unakushtua.

Niliifungua HTML yake kwa Notepad, programu ya kuandikia maandishi matupu, nikatafuta jina la meli. Lilikuwemo! Mstari mzima, na tarehe yake, umelala humo ndani. Juu kabisa ya faili Chrome ilikuwa imeacha maneno "saved from url", mabano yenye hesabu ya herufi za anwani, kisha anwani yenyewe. Tukaunakili mstari ule.

Ndiyo maana nasema faili moja. Aina yake huitwa MHTML, na si ya jana: hati ya kiwango chake, RFC 2557, ni ya 1999, na Internet Explorer 5 ya mwaka huohuo ilikuwa ikisevu hivyo. Imejengwa kama barua pepe yenye viambatisho, picha na mitindo yote imo tumboni, na Chrome ikiifungua haiendeshi skripti. Ni picha iliyopigwa, haitikisiki. Taabu ni kwamba Firefox haiifungui, na Safari ina .webarchive yake. Kwa hiyo kazi nyingi nazifanya kwa SingleFile, nyongeza ya kivinjari aliyoitengeneza Gildas Lormeau. Inatoa HTML ya kawaida inayofunguka popote, picha zimegeuzwa maandishi ya base64, njia ya kuandika data kwa herufi za kawaida, na kwa kawaida skripti huziondoa. Baiti 3 huwa herufi 4, basi picha hunenepa kwa theluthi moja. Nafasi ya diski ni rahisi kuliko tarehe iliyopotea.

PDF? Ukurasa hupangwa upya kwa ajili ya karatasi, na jedwali pana hukatwa ubavuni. Sina la kuongeza.

Lakini nina mashaka yangu. Faili hizi ni maandishi. Mtu mwenye Notepad anaweza kugeuza 14 kuwa 19 na usimjue. Nilimwambia kijana wazi kwamba upande wa pili wana haki ya kuuliza swali hilo. Ndiyo maana, kwa ukurasa wa wazi, naiomba pia Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za wavuti iliyo mtandaoni, ihifadhi nakala yake saa ileile, ili awepo shahidi asiye mimi wala mteja. Nayo hukwama kwenye kurasa zinazotegemea skripti sana, na kurasa za kuingia kwa nywila haizifikii. Na kuondoa skripti kuna gharama yake: ramani ya kukuza na kusogeza hubaki kipande kimoja kilichoganda. Kila nikihifadhi ramani nasita.

Kabla hajaondoka nilimketisha aisevu ratiba ya wiki hii mwenyewe. Tukaihamishia faili peke yake kwenye kompyuta nyingine, Wi-Fi imezimwa, tukaifungua. Jedwali limejaa. Picha mbili za chini hazikuwepo, kwa sababu hakuuteremsha ukurasa hadi mwisho, na picha za siku hizi hazipakiwi mpaka uzifikie. Akarudi, akateremka polepole hadi chini, akasevu tena.