Jozi ya mfululizo: kwa nini betri mbili za lori la jeshi huhesabiwa kama moja

Ukifungua sanduku la betri la M35A2, lile lori la tani mbili na nusu ambalo Jeshi la Marekani lilishaliuza kwa raia minadani, utakuta betri mbili za volti 12. Lakini stata, taa na altaneta (mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri) vyote ni vya volti 24. Kinachoziba pengo hilo ni waya mmoja mfupi, mnene, unaotoka ncha chanya ya betri moja kwenda ncha hasi ya mwenzake. Hiyo ndiyo jozi ya mfululizo. Volti zinajumlishwa, ila ampea-saa, yaani kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi, zinabaki zile zile za betri moja. Ukiunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, umefanya sambamba: volti zinabaki 12, ampea-saa ndizo zinazojumlishwa. Malori yenye betri nne hutumia njia zote mbili, yaani jozi mbili za mfululizo zilizowekwa sambamba. Aliyezoea Fuso au Scania hatashangaa. Nazo ni za volti 24.

La kushika ni hili: katika mfululizo, umeme unaopita betri moja ndio huo huo unaopita ya pili. Altaneta haitambui kwamba betri ni mbili. Inapima jumla tu, na kuishikilia kati ya volti 27.5 na 28.5 hivi. Betri zikilingana, kila moja hupata volti 14 hivi, kipimo kizuri. Zisipolingana, jumla inabaki 28 lakini mgawo unapinda: iliyojaa inaweza kupanda hadi 15 na zaidi, na dhaifu ikabaki na chini ya 13. Ya kwanza inachemka na kumaliza maji. Ya pili haijai kamwe, sahani zake za risasi zinaganda salfeti, uwezo wake unazidi kushuka. Mwishowe zinakufa zote mbili, kila moja kwa ugonjwa wake.

Chanzo kikubwa cha kupinda huko ni redio au chaja ya simu iliyofungwa kwenye betri moja ili kupata volti 12. Ni kosa dogo kulitenda na ghali kulilipia. Weka kigeuzi cha volti 24 kwenda 12, kinachovuta kutoka jozi nzima. Chanzo cha pili ni kubadilisha betri moja na kuiacha ile nyingine nzee. Nunua mbili kwa pamoja, aina moja, ukubwa mmoja, na ikiwezekana tarehe moja ya kutengenezwa. Usichanganye ya maji na ya AGM, ile iliyozibwa ambayo asidi yake imefyonzwa kwenye mkeka wa nyuzi za kioo.

Kabla ya kununua, pima. Lori likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa, gusisha mita kwenye kila betri peke yake. Betri ya maji iliyojaa husoma 12.6 au 12.7; 12.2 ni nusu, 12.0 ni karibu robo. Kusoma 25 kwa jozi nzima hakutoshi, maana 12.8 na 12.2 nazo ni 25.

Kuchaji kwa chaja ya volti 12 kunafaa sana, kwa sababu kila betri inajazwa kwa kadiri ya njaa yake. Baada ya kutoa waya hasi wa chesisi, ondoa waya wa kati, uchaji moja baada ya nyingine. Betri ya ampea-saa 120 iliyofika nusu inahitaji ampea-saa 60 na ziada kidogo. Kwa chaja ya ampea 10 tenga saa 8 hadi 10, kwa kuwa mwishoni kasi hupungua. Acha sanduku wazi, kwani betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja inatosha kuilipua. Ya maji iongezwe maji ya betri yaliyokenekwa baada ya kujaa, siyo asidi. Ya AGM haifunguliwi. Chagua mpangilio wake kwenye chaja.

Betri asilia za kijeshi, zinazoitwa 6T, ni karibu za mraba na zina uzito wa kilo 30 hadi 40, kwa hiyo nyanyua kwa mgongo ulionyooka au mwite mtu. Wengi huweka za kiraia za ukubwa uitwao kundi 31. Ni nyembamba zaidi, basi zibane kwa mbao na kamba imara. Betri inayorukaruka barabarani huvunjika sahani ndani.

Injini na swichi kuu zikiwa zimezimwa, ondoa kwanza waya hasi unaokwenda kwenye chesisi. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi unapata saketi fupi ya maelfu ya wati mkononi. Kisha ondoa waya wa kati, chanya mwisho. Safisha vishikio hadi ving'ae. Unaporudisha, anza na chanya, kisha waya wa kati, na hasi ya chesisi iwe ya mwisho. Kabla ya kuibana, pima tena: jozi mpya isome takriban 25.3. Ikisoma 0, waya wa kati umekosewa au haujagusa.

Baada ya wiki ya kuendesha, pima kila betri. Tofauti ikizidi volti 0.2, tafuta kinachovuta kutoka moja.