Je, wajua? Swali gumu kwa kamati ya malisho ni "ng'ombe watakwenda wapi?"

Ukipita Handeni au Kilindi, mkoani Tanga, mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua za vuli, utakuta sehemu za malisho zimekuwa ngumu kama sakafu. Kwato zimeishindilia ardhi miaka nenda miaka rudi. Mvua ikinyesha, maji yanateleza juu juu na kuondoka na udongo, na mbegu ya nyasi haipati pa kushika. Kinachostawi ni miiba. Lakini malisho hayo ni ya kijiji kizima. Nani basi mwenye kusema yafufuliwe, na kwa njia gani?

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji. Hata hivyo, kutenga eneo liwe la matumizi ya pamoja ni uamuzi wa Mkutano Mkuu, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18. Kwa hiyo kamati ya malisho haiamui kitu. Inapendekeza, na pendekezo lake lina nguvu kadiri wanakijiji wanavyojiona ndani yake.

Ndiyo maana kazi huanzia mchangani, kwa maana halisi ya neno. Watu hukusanyika chini ya mti na kuchora ramani ya kijiji ardhini: majivu ni mto, vijiti ni barabara, mawe ni nyumba, majani mabichi ni malisho. Vijana wanaochunga ndio wanaojua lambo lipi hukauka kwanza. Akina mama wa Kimaasai, kwa kuwa ndio wanaojenga nyumba, wanajua fito na nyasi za kujengea zilikuwa zikipatikana wapi na wapi zimetoweka. Kwangu mimi, saa mbili za kuinamia ramani hiyo zina thamani kuliko makaratasi yote yanayofuata.

Kisha linakuja swali lenyewe. Nyasi za kudumu huweka akiba mizizini, na huitumia kuchipua mvua za kwanza zinapoanguka. Zikiliwa tena na tena kabla majani hayajairudisha akiba hiyo, mizizi hudhoofika na kufa. Lazima basi sehemu ipumzishwe mpaka nyasi zitoe mbegu. Wafugaji wanalijua hilo tangu enzi: Wamaasai wana alalili, Wasukuma wana ngitili, yaani malisho yanayofungwa kwa muda ili yapumzike, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulijengwa juu ya desturi hiyo hiyo ya ngitili.

Ila ukifunga kipande kimoja, ng'ombe hawaachi kula. Watasogea, na wakisogea kwenye mahindi ya mtu, mpango umekufa siku hiyo hiyo na ujirani umeingia doa. Pendekezo zuri hutaja kipande gani kinafungwa na kwa miezi gani, mifugo itapita njia ipi, itanywa wapi, na ndama watabaki upande gani. Maji hasa ni ya kuangaliwa sana. Lambo likichimbwa kando ya eneo linalopumzishwa, kila mfugo wa jirani utapita hapo hapo kila siku, na nyasi changa zitakanyagwa kabla hazijainua kichwa. Makinga maji ya nusu mwezi, yale yanayochimbwa mdomo ukielekea upande wa juu wa mteremko ili kudaka maji, yanafaa sana kwenye ardhi iliyoshindiliwa, lakini yakichimbwa mahali ambapo bado panapitwa na makundi, ni jasho la bure.

Baada ya hapo pendekezo hupita Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu, na likihitaji fedha za serikali hupelekwa kata na wilayani. Faini kwa anayevunja utaratibu huhitaji sheria ndogo ya kijiji, nayo haina meno mpaka iidhinishwe na Halmashauri ya Wilaya.

Na jibu la swali lile mara nyingine liko ng'ambo ya mpaka wa kijiji. Sheria ya 1999 inaruhusu vijiji kupanga ardhi kwa makubaliano ya pamoja. Kiteto, wilaya inayopakana na Kilindi, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilifanya hivyo, na kutokana na majina yao malisho ya pamoja yakaitwa OLENGAPA. Huko kundi linaweza kusubiri kwa jirani, huku kwao nyasi zikikomaa.