Witiri ni witiri, tasa ni tasa

Kwa vijana wa tuisheni hapa Lamu, na hata kwa watu wazima barazani, namba yoyote kubwa inayoishia na 1, 3, 7 au 9 siku hizi huitwa "tasa". Juzi ilikuwa zamu ya 1,000,001. Hiyo ni witiri, yaani namba isiyogawanyika kwa 2, na imeishia hapo.

Namba tasa ni namba nzima iliyozidi 1 ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Wauza boriti watanielewa upesi. Korija ni boriti 20. Zipange safu nne za tano tano, zitakaa sawa. Zikiwa 23, safu sawa huzipati, labda uzilaze zote safu moja.

Witiri huijua kwa tarakimu ya mwisho tu, hata namba iwe ndefu vipi. Sala ya witiri yaweza kuwa rakaa 9, na 9 ni 3 mara 3. Tasa haina njia ya mkato kama hiyo. Igawe 1,000,001 kwa 3, inabaki 2. Kwa 7, inabaki 2. Kwa 11, kwa 13, kwa 37, ni 2 vile vile, kwa sababu 999,999 inagawanyika kwa zote hizo. Hapa ndipo wengi huchoka wakaiita tasa. Chini ya 100 mna namba tasa 25, na zote hazifui dafu. Ya 26, yaani 101, ndiyo inayoingia: 101 × 9,901.

Ongeza 2, upate 1,000,003. Hii ni tasa kweli, lakini kuithibitisha kwa mkono kunataka uijaribu kwa namba tasa zote 168 zilizo chini ya 1,000. Kupita hapo hakuna haja, kwani namba isiyo tasa haikosi kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni kama 1,000.

Tena, kujua kwamba namba si tasa hakumaanishi umevijua vigawo vyake, na hili husahaulika zaidi. Chukua 2 kwa kipeo cha 67, utoe 1: tarakimu 21. Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliiorodhesha mwaka 1644 kuwa tasa. Mwaka 1876 mwanahisabati Édouard Lucas akaonyesha kuwa si tasa, asitaje kigawo hata kimoja. Vigawo vyenyewe vilitolewa mwaka 1903 na Frank Nelson Cole wa Marekani: 193,707,721 × 761,838,257,287. Zote mbili witiri, kama namba iliyozizaa.

Basi vijana wangu, mkiona 7 mwishoni semeni witiri, hamtakosea. Tasa isemeni mkishamaliza kugawa.