Kadi ya grafiki haihesabu inchi

Swali limenifikia tena, kwa maneno yaleyale: mtu amenunua skrini ya inchi 43 na anataka kujua ni kadi ipi yenye nguvu za kutosha "kuijaza". Kadi ya grafiki haina habari na inchi. Inachojua ni idadi ya pikseli (nukta zinazounda picha) inazotakiwa kuchora, na mara ngapi kwa sekunde. Runinga ya inchi 43 yenye pikseli 1920 kwa 1080 huitwisha kadi mzigo uleule wa monita ya inchi 24 yenye pikseli hizohizo, yaani pikseli 2,073,600 kwa kila fremu, ambayo ni picha moja kamili. Fundi wa vigae anayelipwa kwa idadi ya vigae hajali kama kila kigae ni kidogo au kikubwa.

Hata hivyo, inchi huingia kwa mlango wa uani, na ndiyo sababu imani hii haifi. Ukiketi mbele ya skrini ya inchi 32 yenye 1920 kwa 1080, kila inchi ina pikseli takriban 69 tu, na maandishi huonekana yamemeguka kingo. Ukitaka ulaini wa ile monita ya inchi 24, unahitaji 2560 kwa 1440, ambayo kwenye inchi 32 hutoa pikseli takriban 92 kwa inchi, sawasawa na ile ndogo. Ni jicho lako, basi, linalodai pikseli 3,686,400, na kadi hulipa deni hilo. Ukipanda hadi 4K, yaani 3840 kwa 2160, pikseli zinakuwa 8,294,400, mara nne ya zile za kwanza.

Hapo wengi hukimbilia hesabu ya haraka kwamba fremu kwa sekunde nazo zitapungua mara nne. Mara nyingi hazipungui kiasi hicho, kwa sababu sehemu ya kazi, kama vile kupanga maumbo ya gemu kabla hayajapakwa rangi, haiongezeki kwa kufuata pikseli. Na kama ni prosesa iliyokuwa ikiichelewesha kadi, unaweza kuongeza pikseli bila kupoteza fremu hata moja. Kwa hiyo sina jedwali la kukupa linaloaminika kwa kila gemu, na wanaoliuza jedwali hilo wananitia shaka.

Kuhusu kasi nitasema kwa ufupi: skrini ya hezi 60, yaani inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, huipa kadi milisekunde 16.7 kwa fremu, ile ya hezi 144 huipa 6.9. Kebo nayo isisahauliwe, kwani HDMI 2.0, toleo la kiunganishi cha kadi na skrini, huishia hezi 60 kwenye 4K yenye rangi kamili. Kadi za RTX 20 za Nvidia zina HDMI hiyo, na runinga nyingi hazina DisplayPort, kiunganishi cha aina nyingine, kwa hiyo mwenye runinga ya hezi 120 anaweza kulaumu nguvu za kadi ilhali kikwazo ni tundu lake la HDMI.

Kumbukumbu ya kadi ndiyo inayonisumbua zaidi. RTX 3060 Ti ina chipu yenye kasi kuliko RTX 3060 ya kawaida, lakini ina GB 8 dhidi ya 12. Kwenye 2560 kwa 1440 ningechukua Ti kwa gemu nyingi. Kwenye 4K, penye tekscha (picha zinazofunika maumbo ya gemu) nzito, jibu langu hubadilika kutegemea gemu, na sioni aibu kulisema.

Tena, DLSS na FSR, programu zinazochora picha ndogo kisha kuikuza, zimevuruga maana yenyewe ya 4K. Katika hali yake ya ubora, DLSS huchora 2560 kwa 1440 kisha hukuza picha hadi 3840 kwa 2160. Katika hali ya utendaji huanzia 1920 kwa 1080. Nikiwa mbali kidogo na runinga, siwezi kuapa kwamba ninaweza kutofautisha hali ya ubora na 4K halisi. Mwenye kadi ya wastani na skrini kubwa aanze na hali hiyo, apunguze vivuli, kisha apime fremu zake katika gemu anazocheza kweli, kabla hajauza kadi yake kwa bei ya kutupa.